Pazia la Mama Prudencia

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Prudencia Kahigwa anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Kituo cha Makazi kwa Wote, Mwanza. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe, nikaambiwa nichangamke na nisiwalize watu. La kwanza nitajitahidi. La pili, jamani, msinidai.

Kwa wageni wetu ambao hawamfahamu: Prudencia ni mzaliwa wa Kamachumu, mkoani Kagera, katika nyumba iliyofichwa na migomba na mibuni. Alikuja Mwanza kwa meli kutafuta kazi, akaipata hapa, mapokezi. Baadaye alisomea usaidizi wa kisheria, akapanda ngazi mpaka akawa mkuu wa dawati la wapangaji. Cheo kikubwa hicho. Dawati lenyewe lina watu wawili, yeye na mimi Odeta, na kiti changu ndicho chenye mguu mbovu.

Dawati letu linahudumia watu walionyimwa chumba si kwa kukosa kodi, ila kwa jinsi walivyo. Mama mwenye watoto asiye na mume. Kijana wa kabila ambalo mwenye nyumba amegombana nalo tangu ujana wake. Mtu mwenye ulemavu. Anayesali kwingine. Wote huambiwa neno lilelile, kwamba chumba kimeshachukuliwa, na wengi huondoka wakiamini. Mama Prude hakuwa wa kuamini haraka hivyo.

Njia yake ya kazi tunaijua wote. Siku ileile mtu alipokataliwa, alimtuma mwingine akaulizie chumba kilekile. Kama kilikuwa bado kipo, alirudi pale na mteja wake pamoja na mwenyekiti wa mtaa, akasalimia kwa heshima zote, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Kisha alimwomba mwenye nyumba, kwa upole kabisa, aitaje sababu yake kwa sauti mbele ya watu. Basi. Aliijua Katiba, aliijua njia ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba, na waliokuwa wabishi aliwafikisha huko bila kuwaonea haya. Lakini alikuwa akisema sababu nyingi za kumkataa mtu zinaishi kwa kunong'onwa tu, na ukizitaka zitoke hadharani zinakwama kooni. Nimemwona mwanamume mwenye nyumba nne akifungua mdomo, akaufunga, akaenda kuleta ufunguo.

Mara moja tu njia hiyo ilimgeuka, na hapa lazima nicheke. Fundi redio mmoja aitwaye Malimi, anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu, alikataliwa chumba Igoma kwa Mzee Nkwabi. Mama Prude akaenda mwenyewe kujaribu. Kumbe mzee alikuwa na vyumba viwili, na huyu mama wa Kihaya aliyemwamkia Kisukuma cha kuungaunga, salamu yake ya mwangaluka ikiwa imepinda kama mgomba wenye mkungu, alimfurahisha mno. Akaitwa mke, wakaitwa majirani, ukaletwa ugali na sato. Na Prudencia, badala ya kusingizia safari, akala! Sasa wewe umekula kwenye mji wa Msukuma, umetambulishwa kwa watu wote kuwa ndiye mpangaji mpya, utatokaje pale useme ulikuwa unajaribu tu?

Aliporudi kesho yake na Malimi na mwenyekiti, walikuta mzee ameshapaka ukuta chokaa kwa ajili ya mgeni wake. Alikasirika kweli. Sababu ya kumkataa Malimi ilimshinda kuitaja, akampa chumba. Ila akasema na yeye ana haki zake: aliahidiwa mpangaji, amemlisha, anamtaka. Haikupita wiki Mama Prude akahamia Igoma kwenye kile chumba cha pili, na huko ndiko ameishi hadi mwaka huu. Malimi alioa akahama. Yeye akabaki, watoto wa mzee wakakua wakimwita shangazi.

Kitu kingine kinachomtambulisha ni mapazia. Kila mteja aliyepata chumba alipewa na Mama Prude pazia moja la kitenge, alilolishona mwenyewe wakati wa chakula cha mchana kwenye ile cherehani ya stoo. Hakushona mawili kwa mtu mmoja, na hakumkabidhi mtu kabla ufunguo haujawa mkononi mwake. Sharti lake lilikuwa litundikwe siku ya kwanza, kabla hata ya kupanga sufuria. Alikuwa akituambia kwamba mtu aliyekataliwa sana huingia chumbani mwake kama mwizi, hafungui hata mzigo, anangoja kuambiwa toka. Akishatundika pazia, anatulia. Tukipita na gari la ofisi kuelekea Usagara, hukosi kumsikia akinyoosha kidole: lile langu, lile langu, na lile la maua mekundu nalo langu, ila wamelifua vibaya.

Na yeye mwenyewe alikuwa na kwao. Ofisi yetu iko jirani na bandari, na meli ya Bukoba ikipiga honi jioni Mama Prude alikuwa anaacha kalamu. Alitazama dirishani mpaka honi ikaisha, akaguna "mawe!" kama Wahaya wanavyoguna, akaendelea na kazi. Kila Novemba mdogo wake, Annet, alimtumia senene kwa meli hiyohiyo, na hata mimi niliyeapa kwamba mdudu hapiti mdomoni mwangu, siku hizi nauliza kuanzia Oktoba kama mzigo umefika. Annet anaitunza nyumba ya marehemu mama yao kule Kamachumu. Amekuwa akimwita dada yake arudi kwa miaka mingi, na dada amekuwa akijibu kwamba atakwenda.

Nilitaka kuishia hapo, niweke shukrani, tule pilau. Lakini Machi mwaka huu kulitokea jambo, na wasifu usiolitaja si wasifu wa Prudencia.

Jumatatu moja tulifika kazini tukamkuta ameketi kwenye benchi la wateja, katikati ya kina mama, mkoba mapajani. Tukadhani anatania. Deodatus, mwanasheria wetu, alicheka akamwambia anyanyuke, watu wanamsubiri. Hakunyanyuka. Aliiacha zamu ya kila aliyemtangulia ipite, kisha yake ilipofika akaingia, akatusalimia kama hatujuani, akaketi upande ule wa meza ambao sijawahi kumwona ameketi. Akaeleza shida yake.

Mzee Nkwabi alikwishafariki. Watoto wake wameamua kubomoa nyumba ya Igoma wajenge fremu za maduka. Walimweleza vizuri na kumpa muda, hana ugomvi nao. Ila tangu mwaka uanze anatafuta chumba na kila anakokwenda kimeshachukuliwa. Dalali mmoja alimwambia waziwazi asijisumbue, hakuna anayetaka mwanamke mzee anayeishi peke yake. Mama mwingine alimuuliza ana watoto wangapi, akajibu hana, na yule mama akasogea karibu akamkagua macho. Sisi wa huku tunajua maana ya kumkagua macho mwanamke mzee. Wapo waliouawa kwa kuitwa wachawi, kisa macho yao yaliwiva kwa moshi wa jikoni.

Alieleza yote hayo kwa sauti ileile anayotumia kuagiza chai. Mimi nilishindwa kuandika. Nilikaa naye meza moja miezi yote hiyo, nikamtania kuhusu uzee na kiinua mgongo, wala sikunusa kitu.

Deodatus, kwa nia njema kabisa, alimuuliza kwa nini asiende tu Kamachumu, nyumba ipo na mdogo wake anamngoja. Hapo ndipo alipokasirika, na sijamwona akikasirika hivyo kabla wala baada. Alisema Kamachumu anaitamani kila jioni ya maisha yake, na kwa sababu hiyohiyo hatakwenda huko kwa kukosa pa kulala. Alisema ataondoka Mwanza siku atakayotaka yeye, baada ya mtu wa Mwanza kumwambia karibu. Akauliza kama tunafungua jalada au hatufungui.

Tulifungua. Chumba cha mwisho alichokataliwa kilikuwa Nyegezi, kwa Mama Sabina, mjane anayeishi kwenye nyumba kubwa ambayo watoto wamemjengea na kumwachia. Nilikwenda mimi kujaribu, na pete yangu ya ndoa kidoleni. Chumba kilikuwepo bwana! Nikaonyeshwa mpaka bomba. Nawaambia ukweli, nimefanya kazi hiyo mara nyingi kwa ajili ya wengine na nilikuwa naona kama mchezo wa kuigiza. Siku ile nilitoka pale nikatembea hadi stendi ya mabasi bila kujua ninakokwenda, nikilia kama mtoto.

Tukarudi watatu na mwenyekiti wa mtaa. Salamu, maji, viti. Prudencia akaomba sababu itajwe.

Na Mama Sabina, tofauti na wote tuliowahi kuwaona, akaitaja. Alisema anaogopa. Hakumdhania uchawi, hayo si yake. Aliogopa aamke siku moja akute mpangaji amekata roho peke yake humo ndani, asijue ndugu wa kumpigia, maiti iko kwake, majirani wanamtazama yeye. Alisema amezika mume na hana nguvu ya kuzika mgeni.

Deodatus alikuwa amejiandaa na vifungu vyake, nikamwona anavirudisha kwenye mkoba. Mama Prude alikunywa maji yake yakaisha. Kisha akamuuliza Mama Sabina, kwa sauti ya chini, ni nani anayemgongea yeye mlango asubuhi.

Mama Sabina alitazama nyumba yake ile kubwa, milango yote ile, akajifunika uso kwa khanga. Nilidhani analia, na nadhani alilia, lakini aliposhusha khanga alikuwa anacheka, akamwambia mwenyekiti kwamba huyu Mhaya ni hatari. Kisha akamgeukia Mama Prude akasema, "Karibu."

Walipatana palepale, mbele yetu: atakayetangulia kuamka amgongee mwenzake. Mpaka leo wanagongeana. Mama Sabina analalamika kwamba mpangaji wake anagonga mapema mno, na kwamba anapika ndizi kila siku kana kwamba Mwanza hakuna unga.

Huyo ndiye tunayemuaga. Kwa niaba ya kituo namshukuru kwa kila mlango aliokaa mbele yake akaomba maji. Namshukuru kwa kutufundisha tuwaambie watu wasiondoke kimya, waulize sababu, warudi na shahidi, waje kwetu siku ileile na wasingoje aibu ipoe. Wateja watakaojaa uwanjani siku hiyo, wakiongozwa na Malimi ambaye ameleta spika zake bila kuombwa, watasema mengi kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumapili jioni anapanda meli kwenda Kamachumu. Sasa kwa kuwa anaweza kubaki, ameamua kwenda, na tuliompigania abaki tumebaki na midomo wazi. Nimemuuliza mara tatu kama anakwenda kusalimia au anakwenda moja kwa moja. Mara zote amenijibu kwamba migomba ya mama yake ndiyo itakayomwambia. Amechukua ufunguo wa Nyegezi ameufungia kwenye pindo la khanga, na Mama Sabina amesema chumba hakipangishwi kwa mtu mwingine, hata aje waziri.

Juzi nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Chumba kisafi, kitanda kimetandikwa, sufuria zimepangwa. Dirisha lilikuwa tupu, na jua la jioni linaingia lote. Nilimwona anavyolitazama, nikakumbuka kwamba hajawahi kujishonea. Pazia kwake ni kitu cha kupewa, na anayelitoa siku zote alikuwa yeye.

Basi Mama Prude, zawadi yako iko kwenye mfuko huo wa kaki pale mezani, usiufungue mbele ya watu. Nimeshona mwenyewe kwa cherehani yako, pindo limekwenda upande na najua utanisema. Ukilitundika Kamachumu, tutajua umefika nyumbani, nasi tutakutakia uishi huko kwa raha, ushibe ndizi, ugongewe mlango kila asubuhi na anayekupenda. Ila nimelipima kwa dirisha la Nyegezi.