Jina Alilolinyonya Mtoto

Norah, Sam, sogeeni hapa kitandani wanangu mnisikie, na wewe Emong shemeji yangu simama hapo mlangoni, maana gari la kunipeleka Tororo limekwama matopeni huko Mukuju na hii damu tangu nijifungue alfajiri haitaki kusimama, nami naogopa, sitawaficha, naogopa sana.

Shamba la bondeni ni lenu watatu, pamoja na huyu kichanga. Cherehani ni ya Norah, isiuzwe hata njaa ikija. Ugomvi wangu na bibi yenu Aanyu juu ya mpaka wa mihogo nimeuacha, msiurithi. Lakini jina alilompa mtoto leo, hilo siliachi.

Mnajua babu wa baba yenu, mzee Egau, alikwenda vita vya Keya, vile vya Waingereza na Wajapani, akawekwa kisiwa cha Seloni kulinda mateka. Huko akamuuguza baharia Mjapani aliyeokotwa baharini ameungua. Yule mtu akamsimulia kwa mikono na Kiingereza cha kuokoteza: manowari yao, nyembamba, yenye mbio, usiku ikipeleka askari na mchele visiwani, mchana ikijificha chini ya mawingu ya mvua, mpaka siku moja mawingu yakapasuka, ndege zikaiona, ikavunjika katikati, na vijana wa chumba cha injini wakabaki wamefungiwa ndani wakigonga chuma, wakigonga, hadi maji yakawanyamazisha. Kila alipoulizwa jina lake alisema Kurogiri. Akafa. Egau akamzika, na kwa kuogopa kivuli cha mgeni asiye na ndugu, aliporudi akampa mwanawe jina hilo. Huyo akachukuliwa na mto Malaba. Kisha akapewa baba yenu, na baba yenu ziwa lilimtapika Majanji, mlimwona.

Baada ya mazishi nililitafuta kwenye simu ya dada yangu Caro. Kurogiri si mtu, ni ile manowari. Yule baharia aliona aibu kutekwa, akaficha jina lake akataja chombo. Tulidhani tunamtuliza mfu mmoja, kumbe miaka yote tunaiita meli nzima, na wote waliogonga.

Bibi yenu anasema mtoto amechagua mwenyewe. Alichovya kidole kwenye ajono, pombe yetu ya ulezi, akamtia mdomoni, akataja Okia, mtoto akasinzia. Akataja Kurogiri, akanyonya. Emong, ulicheka ukasema, 'Huyu ana kiu kama wazee wa kilabuni.' Shemeji, mtoto alikuwa hajaonja kitu tangu azaliwe, maziwa yangu hayajashuka. Mwenye njaa hana miiko. Angenyonya hata jina la fisi.

Basi fanyeni hivi. Caro ananyonyesha, ampe kwanza. Kisha chovyeni tena, mwite Okia, jina la babu yangu wa Molo aliyekufa mzee, kitandani, mbuzi wake wakilia nje. Akilala, ngojeni aamke. Lile lingine lisitajwe tena, hata kwa utani, hata kaburini kwangu. Bibi yenu atabisha. Emong, fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nakwenda mbali, wewe ndiye uliye karibu.

Mungu awaweke nchi kavu wanangu, mle, mzeeke, mzikwe na wajukuu... Miguu siisikii. Norah, usilie, shika... shika mkono wa Sam. Mtoto yuko wapi? Mlete nimwone. Hapana... usimlaze kwangu, mpe Caro. Ashibe kwanza.