Mtoto wa Boshori Jekundu

Kwenye kona moja ya Mjimwema, pale ukuta wa kibanda cha Dionis fundi cherehani unapokata upepo, kuna ubao wa paini uliolazwa juu ya matofali. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka Njombe, watu hukaa hapo wamebanana wakingoja birika la kahawa la Bertila lichemke. Wenye ubao wanajulikana. Dionis huitwa Sindano, kwa kuwa maneno yake huchoma kabla hujayaona yakija. Odilo, muuza miche ya parachichi, huitwa Profesa, ingawa hakuna anayekumbuka alisomea wapi. Na Rodrick, dalali wa viazi, huitwa Gunia. Siku hiyo Gunia alifika mchana, uso umemvimba kwa aibu, na hakuna aliyesogea kumpisha.

Habari zilikuwa zimeshamtangulia. Alikuwa amekwenda na pikipiki chekechea kumchukua binti yake Rejoice, wa miaka minne. Simu ilikuwa sikioni: lori limefika Makambako, na mnunuzi ameanza kugeuza maneno. Getini walisimama watoto wenye sweta la kijani na boshori jekundu, vazi la chekechea nzima wakati wa baridi, kila uso umebaki macho na pua. Rodrick alinyoosha mkono, mkono mdogo ukaushika, akampakia. Nyumbani alimkalisha kando ya jiko, akammiminia uji, akaendelea na simu ya Makambako. Mtoto alikunywa taratibu mpaka akamaliza, akaweka kikombe chini, akasema kwa adabu, "Asante, baba Rejoice."

Ndipo Rodrick alipomtazama. Alikuwa Jenifer, binti wa Dionis.

Alimrudisha mbio, akamkuta Dionis getini anapiga kelele. Mama Scolastika, mlezi wa chekechea, alimkabidhi Jenifer kwa baba yake, aliyempeleka nyumbani. Kisha akamshika Rejoice mkono na kumrudisha ndani. Alisema hamtoi mpaka baba aje na watu wawili wa mtaa wanaomjua mtoto huyo vizuri. Jioni ikiingia bila hao, atampigia mama yake. Mama yake, Aneth, alikuwa Ikonda akimuuguza bibi aliyelazwa hospitali, na Rodrick alijua kwamba akisikia neno hilo atapanda gari la kwanza na kumwacha mgonjwa peke yake.

Bertila alikuwa akija kila asubuhi kutoka Uwemba. Watoto wa Mjimwema hakuwajua. Waliobaki ni wawili, na mmoja wao ndiye aliyebebewa mtoto.

— Kamwene, alisema Rodrick.

Odilo aliitikia. Dionis aliendelea kukata uzi kwa meno.

— Fundi, nimekusalimia.

— Nimesikia. Nilikuwa nangoja nijue kama unanisalimia mimi au umenichanganya na mtu.

Bertila alicheka ndani ya khanga yake, akampa Rodrick kikombe. Rodrick alieleza shida yake kwa kifupi, macho chini. Dionis alimwacha amalize, kisha akaanza, na hakuinua sauti.

— Umembeba mwanangu kama kiazi, bwana. Tena afadhali kiazi. Kiazi unakigeuza, unakagua kama kimeoza.

Hapo Rodrick alipandwa na hasira ambayo hakuwa amepanga kuja nayo. Aliuliza sweta lile la kijani linanunuliwa na nini kama si viazi. Alisema tangu Aneth aondoke yeye ndiye anayepika, anayefua, anayewasha jiko alfajiri, na hajasikia mtu wa ubao huu akimpongeza. Lori lingerudi na mzigo wote kutoka Makambako, je, wangemwita baba mwema kwa kuwa alikuwa anatazama watoto?

— Na wewe, alimaliza, mwanao alikuwa anamngoja nani pale getini? Mbona alimpa mkono mtu wa kwanza aliyetokea?

Dionis alirudi kwenye uzi wake. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya mabao ya mechi ya jana, aliyokuwa akiyarudia kwenye simu huku shati la mteja likiwa chini ya sindano. Bertila alijua, kwa sababu alisikia mtangazaji.

Profesa aliona nafasi yake. Alisema hakuna wa kulaumiwa hapo, wote wamerogwa kitaalamu. Ile taa ya simu ni ile ile ya kuangulia vifaranga. Inampasha mzazi kichwa mpaka anatulia kama yai. Bertila akamuuliza mbona yeye hajatulia. Akajibu simu yake ni ya vitufe. Kisha akaendelea mbali zaidi: miaka michache ijayo watoto watazaliwa bila uso wa kucheka, maana uso hujifunza kwa kutazamwa, kama mche unavyojifunza jua liko upande gani. Dawa yake ilikuwa rahisi. Kila mtoto asajiliwe laini akiwa tumboni, ili akiwa na njaa ampigie baba yake akiwa pale pale kwenye magoti.

— Atampata anatumika, alisema Dionis.

Hasira ilikuwa imerudi, lakini sasa ilikuwa ya watu wote na hivyo nyepesi kuibeba. Dionis alitaka siku ya ubatizo mchungaji amuulize mzazi mbele ya usharika kama anamkataa shetani na kazi zake zote na simu yake. Odilo akataka wazee wa kanisa wasimame mlangoni na kapu la kukusanyia simu. Bertila akauliza picha za ubatizo zitapigwa na nini. Walicheka, isipokuwa Rodrick, aliyekuwa anatazama jua likihangaika nyuma ya ukungu.

Bertila alichochea makaa.

— Mnacheka, alisema. Wangu wa mwisho, wakati namnyonyesha, alikuwa ananisukuma kidevu. Kila nikishika simu, ananisukuma kidevu kwa kiganja. Nikadhani anacheza. Nikawa namtoa mkono.

Alipuliza majivu.

— Kumbe alikuwa anatafuta macho yangu. Nimekuja kulijua hilo ameshaacha kunyonya.

Dionis alifunika cherehani yake, akavaa koti. Alimwambia Rodrick bila kumwangalia kwamba atakwenda, na Odilo atakwenda, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya Aneth na yule bibi kitandani. Anamjua Rejoice vizuri, alisema. Yeye ndiye aliyemshonea gauni la ubatizo. Odilo naye akaapa kwamba hakuna mtoto wa uchochoro huu ambaye yeye hamjui. Rodrick alikuwa anatafuta neno la kushukuru alipomwona Mama Scolastika akivuka barabara, shali mabegani, viatu vimejaa matope.

Walisimama wote.

— Kamwene, mama.

— Kamwene. Kaeni. Sikuja kugombana na mtu. Nimemwacha mtoto na mwenzangu mara moja.

Bertila alimkaribisha kahawa. Akaikataa kwa mkono.

— Mtoto amekataa kula, alisema. Wala halii sana. Hakutaji wewe, wala mama yake. Anamtaka Kalolo. Kila nikimuuliza, ananiambia tu, namtaka Kalolo. Nimekuja mniambie. Kalolo ni nani?

Alimuuliza Rodrick, lakini alikuwa anawatazama wote. Rodrick alipita nyumba nzima kichwani. Kuku? Paka wa jirani? Mwanasesere? Rafiki? Huenda ndivyo anavyomwita bibi yake. Siku zote hizi walikuwa wawili tu mle ndani, jiko moja, kitanda kimoja, na jina hilo lilikuwa limetajwa humo, labda kila siku, labda akiwa amemshika mkono.

Alimgeukia Dionis. Fundi aliyeshona gauni alikuwa anajifunga vifungo alivyokwisha kuvifunga. Profesa, aliyeapa kuwajua watoto wote wa uchochoro, aliinama kufunga kamba za viatu.

Rodrick akatoa simu.

— Unampigia nani? aliuliza Scolastika.

— Mama yake. Yeye atajua.

— Atajua, ndiyo. Na mtoto mwenye Kalolo wake yuko pale ng'ambo, ameketi kwenye mkeka. Anajua kuongea.

Kidole cha Rodrick kilisimama juu ya jina la Aneth. Simu ikaanza kulia yenyewe, ni Makambako, ikalia mpaka ikanyamaza. Hakuipokea wala hakuizima, alikuwa ameisahau. Aliwaangalia mmoja mmoja, wale waliokuwa na neno kwa kila kitu tangu mchana.

— Nikikaa naye pale kwenye mkeka, aliuliza, naanzaje? Mtu anaanza kwa kumwambia nini?