Mwalimu Kifutio, Aliyekataa Kilemba cha Ukoka

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba alikuwa fundi mitambo, mama mshonaji. Mama alikuwa akisimulia kwamba chaki yake ya kupimia nguo haikukaa mezani hata siku moja. Ikikosekana, ilitafutwa ukutani, ambako marehemu alikuwa ameshachora kuku, jirani, na mama mwenyewe akiwa amenuna.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari, kisha akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1984. Shahada ya kwanza ya ualimu wa sanaa aliipata mwaka 1997, akisoma wakati wa likizo na mtoto mgongoni.

Januari 1985 alianza kufundisha uchoraji katika shule ya sekondari aliyokuja kustaafia mwaka 2022. Wanafunzi walimbatiza Mwalimu Kifutio, maana alipita kati ya madawati na kifutio mkononi, na neno lake lilikuwa moja: tazama tena. Kijana mmoja alifutishwa mchoro wa jagi mara saba. Watu walimwona mkali, lakini ukweli ni kwamba hakujua kusifia asichokipenda, hata kiwe nguo mpya ya wifi yake.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na fundi seremala. Fundi alikuwa ameleta madawati shuleni, marehemu akayarudisha manne kwa sababu yalikuwa yanacheza. Fundi akayakaza, akayaleta, halafu akawa anakuja kuyakagua kila wiki bila kuitwa na mtu. Walijaliwa watoto watatu.

Septemba 2022, miezi sita baada ya kustaafu, alijiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya sanaa ya uchoraji. Si wote tuliomuunga mkono. Mdogo wake anayewasomea hapa alimshauri atulie nyumbani alee wajukuu, akajibiwa kwamba wajukuu wana mama zao. Kufika chuoni, msimamizi wake wa masomo akawa nani? Yule yule kijana wa jagi, sasa daktari wa falsafa mwenye mvi. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Marehemu akiingia ofisini, msimamizi alisimama. Huyu akisema "Mwalimu", na yule "Mwalimu", wakaanza kubishana nani akae kwanza. Kila picha aliyopeleka ilikuwa nzuri sana, Mwalimu. Wenzake, vijana wa umri wa watoto wake, walikosolewa mpaka binti mmoja akatoka analia, na marehemu alituambia wazi kwamba alimwonea wivu binti yule. Kwa miaka thelathini na saba alikuwa akijiuliza kama yeye ni mchoraji, au ni mwalimu wa kuchora tu. Mtu aliyeweza kumjibu alikuwa anamvika kilemba cha ukoka.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Oktoba 2023 alikiweka kifutio juu ya meza ya msimamizi.

"Mwanangu," alimwambia, "mimi nilikufutisha jagi mara saba. Usinionee haya."

Msimamizi alizitazama tena picha zake. "Mwalimu, hizi zote umemchorea mtoto wa dawati la nyuma," akasema. "Umehakikisha kila kitu anakiona. Lakini wewe mwenyewe hukukitazama."

Marehemu alirudi nyumbani, akalia jikoni, kisha akamwambia mumewe kwamba leo amepata mwalimu. Kesho yake aligeuza picha zote tisa zikaangalia ukuta, akaanza upya kwa kuchora karakana ya fundi: vumbi la mbao, makopo ya gundi, na mikono ile. Fundi alisimamishwa saa nzima na randa mkononi, wateja wakisubiri nje.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kuchora akiwa amekaa, kati ya dawa na dawa. Tarehe 23 Aprili alisimama mbele ya watahini watatu. Wakamwambia picha ya sita irudiwe na sura ya nne ya tasnifu iandikwe upya, ndani ya miezi mitatu. Alitupigia simu mmoja mmoja kutusomea makosa yake, kwa furaha ambayo sisi wengine hatukuielewa. Sura ya nne aliimaliza. Picha ya sita ilikuwa imefika nusu alipofariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, wodi namba tatu, mumewe akiwa amemshika mkono.

Siku ya pili ya msiba, msimamizi alituletea ujumbe wa chuo: marekebisho yamesamehewa, shahada atapewa. Tulifurahi wote, isipokuwa fundi.

"Tunashukuru sana," alisema, "lakini hakumaliza. Msimpe leo kwa sababu tu hawezi kukataa."

Msimamizi alilia. Akasema alikuwa akiomba njia nzima tusikubali. Kwa hiyo, katika ratiba mliyoishika, shahada ya uzamili haikuandikwa chini ya picha yake. Mchapaji hakukosea.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, wadogo zake wanne, na mwalimu wake. Dada yetu apumzike kwa amani, na asibebeshwe sifa ambayo hakuifanyia kazi.