Bomba Halijastaafu

Bibi alikuwa ndani ya basi, anakwenda hospitali kumwona mjukuu wake aliyejifungua, masikio ameyatega kiti cha mbele. Mzee mwenye mtaimbo alikuwa akimwambia mhandisi wa majitaka, "Binti yangu, bomba linalorudisha uchafu wodi ya wazazi halipiti barabarani. Tulikuta mwamba, tukalipindisha nyuma ya jiko la hospitali."

"Ramani haisemi hivyo, mzee wangu. Na wewe umestaafu."

"Nimestaafu mimi, bomba halijastaafu. Ramani haikushika sururu. Kesho chimbeni barabarani, mgongane na mwamba, wazazi wanyonyeshe wamevaa mabuti!"

Bibi akajikuta ameshika pua.

Basi likasimama hospitalini. Mzee akashuka, akaelekea nyuma ya jiko akigonga ardhi kwa mtaimbo, akiitafuta chemba ya majitaka iliyofukiwa.

"Ramani haisemi hivyo," mhandisi akarudia, huku anaikunja na kushuka kumfuata, ingawa kituo chake kilikuwa bado.