Nyumba Isiyo na Swichi

MAMA NDUNGE: Haloo? Nani huyo?

WANJA: Ni mimi, Wanja. Nimeona umeniflashi mara kibao. Mko salama?

MAMA NDUNGE: Ongea chini. Tuko kwa nyumba.

WANJA: Nyumba gani? Si mlisema mnatorokea kanisani?

MAMA NDUNGE: Ndunge alishikwa na homa, tukachelewa. Sasa vijana wenye panga wamejaa hapo kwa kinyozi. Hakuna pa kupitia.

WANJA: Mungu wangu. Wanataka nini?

MAMA NDUNGE: Ni mambo ya kura. Wanauliza nyumba moja moja, hii ni ya nani, wa kabila gani. Na hii yetu, unajua vile watu huiita.

WANJA: Kwa Wanja.

MAMA NDUNGE: Kwa Wanja. Soweto yote, hapa Kibera.

WANJA: Lakini mimi niliichora tu, nikasimamia mafundi, si—

MAMA NDUNGE: Ploti ni ya baba yako, jina ni lako. Nani ataelezwa mambo ya kuchora saa hii?

WANJA: Na wamefika hapo?

MAMA NDUNGE: Wamefika. Jirani yangu Phanuel ameandika jina lake mlangoni kwa makaa. Amewaambia siku hizi nyumba ni yake, na ndani hakuna mtu. Wamemwamini. Lakini wamesema wakipata amewadanganya, watachoma na yeye pia.

WANJA: Basi kaeni kimya kabisa. Msiwashe koroboi, msiwashe—

MAMA NDUNGE: Koroboi! Nani anawasha, Wanja? Si taa yako hujiwasha?

(mkwaruzo wa mtandao)

WANJA: Sema tena?

MAMA NDUNGE: Taa ya mlango. Ile ya nje. Jua likishuka tu, pap! Na stima imepotea Soweto nzima tangu jana. Itawaka peke yake kama mwezi, wajue kuna mtu ndani. Ndiyo nimekutafuta, unionyeshe pa kuizima.

WANJA: Mama Ndunge...

MAMA NDUNGE: Eh?

WANJA: Haina pa kuizimia.

MAMA NDUNGE: Siku ile ya kufungua nyumba nilikuuliza swichi iko wapi. Ukacheka. Ukaniambia, "Mama, hii nyumba inajijua."

WANJA: Nilitaka watu waone njia wakienda choo. Nilitaka nyumba moja tu huko Kibera ijitengenezee kila kitu inachotumia, isidai mtu stima wala makaa. Iwake hata mji wote ukiwa giza. Nilisema hivyo mbele ya watu, nikapigiwa makofi—

MAMA NDUNGE: Najua ulichotaka. Usilie. Ukilia sikusikii.

WANJA: Silii. Sanduku la betri, je? Ukilifungua utachomoa—

MAMA NDUNGE: Lina kufuli. Uliogopa wezi.

WANJA: Na ufunguo...

MAMA NDUNGE: Uko na wewe.

WANJA: Nimeushika hapa.

MAMA NDUNGE: Basi lete.

WANJA: Kawangware pia barabara imefungwa. Wanachoma matairi. Nimejaribu kutoka mara mbili, nimerudishwa na—

MAMA NDUNGE: Nilikuwa natania, mtoto wangu.

WANJA: Mama Ndunge!

MAMA NDUNGE: Nitoke nivunje balbu na fimbo?

WANJA: Usitoke! Watakuona.

MAMA NDUNGE: Ndiyo. Wanauangalia mlango huo.

WANJA: Subiri, nifikirie. Umekaa wapi?

MAMA NDUNGE: Chini, kwa ukuta, hapo pa kuchaji. Hii simu betri yake ilikufa. Nikiichomoa tu, inazima.

WANJA: Angalia juu ya sanduku. Unaona waya mbili zinapanda ukutani?

MAMA NDUNGE: Nyeusi na nyekundu.

WANJA: Uko na kisu?

MAMA NDUNGE: Cha kukatia sukuma wiki.

WANJA: Kata nyekundu.

MAMA NDUNGE: Stima haitanishika?

WANJA: Haitakushika. Hiyo ni ya jua, haina nguvu ya stima ya nguzo. Kata tu.

MAMA NDUNGE: Ngoja nisogee. Hii ndiyo inaenda kwa taa?

WANJA: Inaenda kwa taa. Na... inaenda kwa chaja. Nilivuta waya moja tu.

MAMA NDUNGE: Kwa hivyo nikikata waya—

WANJA: Ndiyo.

MAMA NDUNGE: Nakata simu.

(mkwaruzo)

WANJA: Sitajua kama—

MAMA NDUNGE: Hutajua. Mpaka kesho. Kama Phanuel atapata kredo ya kukupigia.

WANJA: Jua limefika wapi huko?

MAMA NDUNGE: Limebaki kidogo kwa mabati ya Phanuel. Huko kwenu?

WANJA: Huku... limeshaenda nyuma ya kanisa. Kata, Mama Ndunge. Kata sasa.

MAMA NDUNGE: Nakata. Hiki kisu butu kama ulimi wa bibi harusi. Ngoja... Ssh! Ssh, mama, lala. Ndunge ameamka.

WANJA: Homa imeshuka?

MAMA NDUNGE: Kidogo. Anaangalia ile nafasi juu ya mlango. Mwanga wa taa hupitia hapo. Kila jioni huingoja, ikiwaka anapiga makofi, anaita nyumba yote, "Imekuja! Imekuja!"

WANJA: Asiite leo. Mwambie asiite.

MAMA NDUNGE: Ana miaka mitatu, Wanja.

WANJA: Umefika wapi na waya?

MAMA NDUNGE: Ngozi imetoka. Sasa shaba. Ngoja. Wamenyamaza hapo nje. Sijui kwa nini wamenyamaza.

WANJA: Kata! Achana na mimi, kata!

MAMA NDUNGE: Nyumba yako ni nzuri. Nilitaka kukuambia. Haijawahi kutudai kitu, hata siku mo—

NDUNGE: Mama! Ime—

(kimya)

WANJA: Haloo? Mama Ndunge? Haloo? Umekata?

(kimya)

WANJA: Ni wewe umekata?