Kope za Mkurugenzi

Mnanisikia huko nyuma? Basi tulieni, kusoma kwangu kuliishia darasa la nne, lakini mjukuu huyu nimemlea mimi, na historia yake naisoma mimi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika chumba cha nyuma ya duka la mshonaji, akatanguliza miguu, kama mtu anayewahi kikao. Alianza shule mwaka 1978, akapewa ukiranja, akamwandika hata kaka yake kwa kupiga kelele, akaendelea hivyohivyo mpaka alipomaliza chuo cha ustawi wa jamii mwaka 1994.

Mwaka 1995 aliajiriwa na shirika la kutunza wazee wasio na watu, akianzia ukarani, na tarehe 1 Julai 2006 akawa mkurugenzi mtendaji, kazi ambayo alinieleza kwamba bodi inasema, wewe unatenda, likienda vizuri ni la bodi, likiharibika ni lako. Sitamsifia uongo kwa kuwa amelala, alikuwa king'ang'anizi, hata taa ikiungua hakuna aliyeibadili kabla yeye hajatikisa kichwa, mpaka walio chini yake wakasahau kufikiri.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1998 na fundi umeme, ambaye kwa utani ni mume wangu pia, wakajaliwa watoto wawili, waliomjua mama yao kwa mlio wa viatu.

Tarehe 20 Mei mwaka huu alipatwa na kiharusi, ulimi ukafungwa, lakini msaidizi wake wa ofisini akawa anakuja kila alasiri, anasimama miguuni pa kitanda, anauliza, kope zikifumba ni ndiyo, zikibaki wazi ni hapana. Swali moja halikuisha, bodi inataka kuiuza nyumba ya wazee, je, tuwahamishe? Naye kila mara alimkodolea macho.

Tarehe 14 Juni msaidizi aliuliza tena, macho yakabaki wazi, nikamgusa shavu, nikajua ameshaondoka, nikamfumba macho kwa mkono wangu huu, kama anavyofumbwa maiti yeyote, msaidizi akasema, "Ahsante, Mkurugenzi," akatoka mbio.

Keshokutwa magari yanakuja kuwachukua wazee. Nami tangu siku ile, kila nikifumba macho, nasikia mtu amesimama miguuni pangu, ananiuliza. Basi mbele ya bodi na mbele ya jeneza nasema, ile "ndiyo" ilikuwa ya vidole vyangu, jibu lake lilikuwa hapana, na alikufa nalo machoni.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliokaa nasi, na wafanyakazi wenzake, na wewe msaidizi, mwanangu, inua kichwa, swali hilo sasa ni lako.

Lala, mjukuu wangu, wakija kukuuliza tena, usiwajibu.