Saini ya Ishirini na Nne: Bi Verna Dashiell Anatuaga

Ijumaa tarehe 28 Juni, Bi Verna Dashiell atastaafu kutoka Ofisi ya Vijito ya kaunti yetu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Mkurugenzi ameniomba mimi, Duane Kolarik, mpima kina, niandike maneno ya kumuaga kwenye jarida hili, na amesisitiza yawe ya kuchangamsha. Nitachangamsha pale panapochangamshika. Nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na tisa, na najua hapendi kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alianza kama karani wa barua. Mwaka wa tatu akakabidhiwa maeneo maalumu ya kodi, kazi ambayo wenzake wote waliikimbia. Kwa faida ya waajiriwa wapya: kijito kikijaa tope hadi boti zikwame, kaunti haikichimbi bure. Wenye nyumba wa pale hutia saini ombi. Saini zikizidi nusu ya nyumba, baraza hupiga kura, mashine ya kuzoa tope inaletwa, na gharama hurudishwa kidogo kidogo juu ya kodi ya majengo ya kila nyumba ya kijito kile, kwa miaka kumi. Bi Verna ndiye aliyehakikisha kwamba kila aliyesaini jina lake limo kwenye hati ya nyumba. Mpangaji hasaini, mkwe hasaini, jirani mwenye nia njema ndiye hasaini kabisa. Vijito ishirini na sita vimepata kina kupitia mikono yake, na hakuna ombi lake hata moja lililotenguliwa mahakamani.

Mikutano ya wakazi ilifanyika kwenye kumbi za zimamoto, na Bi Verna alikwenda na kiti chake mwenyewe kwa sababu, alisema, viti vya zimamoto vimetengenezwa ili watu waondoke mapema. Mkutano mmoja Bwana Truitt Bozman, ambaye nyumba yake iko mwisho kabisa wa kijito, alisimama kwa hasira. "Mimi boti sina! Hata ndoo ya kuchotea maji sina! Sasa hilo tope nilipie la nani?"

Bi Verna hakuinua hata kichwa. "Bwana Bozman, hiyo nyumba uliinunua kwa bei ya majini au ya shamba la mahindi?"

Ukumbi mzima ulicheka, na Bozman mwenyewe akacheka. Alisaini usiku uleule, na mwaka uliofuata akanunua boti. Kuna pia habari ya bata bukini aliyemkimbiza Bi Verna kuzunguka kibanda cha boti mara tatu akiwa na faili kichwani, lakini hiyo nimekatazwa kuiandika.

Sasa nije kwenye Kijito cha Pinder. Mkurugenzi alipendekeza nikiruke. Nilipomwambia Bi Verna, alinijibu, "Ukikiruka hicho, Duane, basi usiandike kabisa."

Miaka kumi na tatu iliyopita, tarehe 26 Februari, Bi Arlene Messick aliingia ofisini na ombi la Pinder. Nyumba za pale ni arobaini na saba, kwa hiyo zilihitajika saini ishirini na nne. Alizikusanya zote kwa miguu, mlango kwa mlango kwenye theluji, na ya mwisho ilikuwa yake. Mwanawe wa pekee, Wade, alikuwa mvuvi wa chaza, na boti yake ilikwama mdomoni mwa kijito karibu kila maji yalipokupwa. "Nataka pale pachimbwe kabla hapajaniulia mtoto," alisema. Nilisikia kwa masikio yangu.

Bi Verna akachomoa hati ya nyumba. Jina lilikuwa moja tu: Roland Messick, mume wa Bi Arlene, marehemu.

"Verna, mpenzi, Roland yuko kaburini mwaka wa nne huu. Unataka nikamwamshe asaini?"

"Fungua mirathi, Arlene, jina lako liingie kwenye hati. Ni wiki sita tu. Kijito hakikimbii."

Siku ya mwisho ya kupokea maombi ya mwaka ule ilikuwa kesho kutwa. Wiki sita zilikuwa na maana ya mwaka mzima, na sote watatu tulilijua hilo. Ningeweza kusema neno. Ningeweza kusema kwamba kila mtu katika kaunti hii anajua nyumba ile ni ya nani. Nilijifanya natafuta kalamu. Bi Arlene alikusanya karatasi zake, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka.

Bi Arlene alichelewa kuifungua mirathi, lakini hakuwa mzembe, jamani. Kulitoa jina la Roland kwenye hati, kwake, ilikuwa sawa na kumtoa Roland nyumbani mara ya pili. Hata hivyo alijikaza, akaanza mirathi. Lakini kufikia Februari iliyofuata nyumba mbili zilikuwa zimeuzwa, na wanunuzi hawakutaka kusikia habari ya kodi nyingine. Hata na yake, saini zilibaki ishirini na mbili. Ombi likafa.

Desemba ya mwaka huo upepo wa kaskazini-magharibi ulivuma siku mbili mfululizo. Sisi wa huku tunajua maana yake: maji yote husukumwa nje kwenye Ghuba na vijito hubaki tope tupu. Saa nane mchana Wade alikwama mdomoni mwa Pinder, hatua mia mbili kutoka gati la mama yake. Tope liliziba injini, mawimbi ya nje yakaanza kuijaza boti kwa nyuma, naye akaamua kuvuka kwa miguu. Alizama hadi kifuani na hakuweza kusogea tena.

Majirani walilaza ngazi juu ya tope, wakang'oa milango ya nyumba zao wakailaza pia. Hawakumfikia. Boti ya uokoaji ilikwama palepale alipokwama yeye. Kwa saa nzima Wade na mama yake walizungumza kwa kupaza sauti, yeye topeni, mama gatini. Jirani aliyekuwa pale aliniambia neno la mwisho lililosikika vizuri: "Mama, ingia ndani, utapata baridi." Helikopta ilipofika alikuwa ameshafariki. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Kisheria Bi Verna hakuwa na kosa. Mwanasheria wa kaunti aliandika hivyo katika barua ya mistari minne. Lakini sheria ni msumeno, na siku moja nikitafuta tarehe ya mkutano niliona kwenye kalenda yake hesabu aliyoipiga kwa penseli. Kama saini ile ingepokelewa Februari ile ya kwanza, mashine ingemaliza kazi Pinder wiki tano kabla ya siku aliyokufa Wade.

Alikwenda mazishini. Nilimwambia asiende, akaenda, nami nikamfuata kwa sababu nilimwogopea. Ndani ya ukumbi wa kanisa, watu wakiwa na sahani zao za kababu za kaa na saladi ya viazi, Bi Arlene alimjia akasimama mbele yake.

"Kijito hakikimbii, uliniambia. Kweli, Verna. Hakikukimbia. Kilimngoja mwanangu."

Bi Verna alisema, "Nisamehe, Arlene." Bi Arlene aligeuka akaenda kukaa.

Tuzo za utumishi bora alizopata Bi Verna ziko tano, zimetundikwa karibu na mashine ya kahawa, mnaweza kuzisoma. Jambo lisilo na tuzo ni hili. Tangu Januari iliyofuata, kabla ya ombi lolote kuanza, alipitia hati za kijito kizima akitafuta majina ya waliokufa. Kisha kila Alhamisi, saa yake ya chakula cha mchana, alimchukua mjane au yatima mmoja kwa gari lake hadi ofisi ya mirathi, akakaa naye foleni, akamjazia fomu. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na moja na nusu. Wengine walilia njia nzima. Mzee mmoja alimtapikia kwenye kiti. Hakuna kijito kingine kilichokwama kwa sababu ya jina la maiti.

Pinder peke yake ndicho kilichobaki. Wakazi walijaribu mara tatu, na mara zote walifika ishirini na tatu wakasimama, kwa sababu Bi Arlene hakutaka kuiona karatasi ile na waliobaki waliona haya kumpita. Faili lake la mirathi lilikuwa limelala nusu tangu Desemba ile. Mwaka jana nilipima mdomo wa kijito kwa upondo, maji yakiwa yamekupwa: kina hakikufika goti langu. Watoto wa nyumba mpya wanachezea boti za injini palepale. Bi Verna alisoma taarifa yangu, akaniomba nirudie kupima. Nilirudia, ikawa ileile. Alinieleza wazi kwamba hawezi kustaafu Pinder ikiwa vile, na mimi nilimjibu kwamba hana la kufanya. Hakuwa nalo.

Februari mwaka huu, siku ya mwisho ya kupokea maombi, Bi Arlene aliingia. Ana miaka themanini na mmoja sasa. Aliweka kwenye kaunta hati mpya yenye jina lake na ombi lenye saini ishirini na tatu, akaomba kalamu, akaongeza ya kwake mbele yetu.

"Usidhani nimekuja kwa ajili yako," alisema. "Wale watoto huwa wanapita mbele ya dirisha langu."

Bi Verna alivaa miwani. Alifanya kama alivyofanya kwa kila mtu: akasoma hati tangu mstari wa kwanza, akalinganisha kila saini na jina, zote ishirini na nne, Bi Arlene akiwa amesimama kwa sababu alikataa kiti. Ilichukua karibu nusu saa. Kisha akagonga mhuri, ukaenda upande.

"Imekamilika, Arlene."

"Ilikuwa imekamilika mara ya kwanza," alisema Bi Arlene, akaondoka.

Baraza limepitisha eneo la kodi la Pinder kwa kura zote, na mashine itafika Oktoba ya mwakani. Kuanzia mwaka utakaofuata sehemu ya gharama itaingia kwenye kodi ya nyumba ya Bi Arlene kama ilivyo kwa majirani zake, kwa miaka kumi. Barua ya kumjulisha ilikuwa ya mwisho kuandikwa na Bi Verna. Aliiandika kwa mkono, na hakuituma kwa posta. Aliipeleka mwenyewe Jumamosi, akaambiwa mlangoni aiache kwenye kisanduku.

Bi Verna, ofisi nzima inakushukuru, na wajane wa vijito vyetu wanakushukuru kuliko sisi. Zile safari za Alhamisi nitaziendeleza mimi. Nilichelewa kusema neno mara moja, inatosha. Tunakuombea afya njema na miaka mingi. Nenda ukapumzike, dada, ukiweza.